Tathmini ya huduma ya IERS: mgandamizo wa hewa unavyouyumbisha mhimili wa dunia

Ni huduma chache za kisayansi zinazomfikia mtu wa Kampala, Gulu au Mbarara kwa ubora ule ule unaomfikia mtu wa Paris au Washington, tena bila malipo yoyote. Huduma ya Kimataifa ya Mzunguko wa Dunia na Mifumo ya Marejeo, ambayo wapima ardhi huifahamu zaidi kwa kifupi chake cha IERS, ni mojawapo. Kazi yake ni kutangaza, siku baada ya siku, jinsi dunia ilivyokaa juu ya mhimili wake: ncha ya mzunguko iko wapi, siku imerefuka au imefupika kwa kiasi gani, na saa za dunia zinatofautianaje na mzunguko wenyewe. Nimekuwa nikiitumia katika kazi ya upimaji ardhi na katika kuwafundisha vijana wanaojifunza kazi hiyo hapa Uganda. Tathmini hii inahusu hasa sehemu ambayo watu wengi huipita bila kuifungua, nayo ni data zinazoonyesha namna mabadiliko ya mgandamizo wa hewa yanavyoisogeza ncha ya dunia.

Yafaa nieleze mapema ni mwendo upi tunaouzungumzia, kwa sababu mkanganyiko huanzia hapo. Hatuzungumzii mhimili unaobadilisha mwelekeo wake polepole kati ya nyota kwa maelfu ya miaka. Tunazungumzia mwili wa dunia wenyewe unaosogea juu ya mhimili wake, kiasi kwamba mahali ambapo mhimili huo unatokeza juu ya barafu ya kaskazini huzunguka-zunguka katika eneo la mita chache. Huduma hii huieleza nafasi ya ncha kwa namba mbili, x na y, zinazopimwa kwa sekunde za pembe, yaani sehemu moja ya 3,600 ya nyuzi moja. Sehemu ya kumi ya sekunde moja ya pembe ni takriban mita tatu juu ya uso wa dunia, na siku hizi namba hizo hupatikana kwa usahihi unaokaribia milimita moja.

Faili la msingi ambalo ningemshauri kila mtu aanze nalo ni safu iitwayo C04, inayotayarishwa katika Kituo cha Uchunguzi wa Anga cha Paris. Inaanzia mwaka 1962 na ina zaidi ya mistari 20,000, kila mstari ukiwa siku moja. Ni maandishi matupu yasiyo na picha wala mapambo, kwa hiyo faili zima linashuka kwa bando dogo la intaneti na kufunguka hata kwenye kompyuta kongwe ya shule. Kila mstari una tarehe, kisha hesabu ya siku inayotumiwa na wanaastronomia, kisha x, y, na namba nyingine zinazohusu urefu wa siku. Ukichora x dhidi ya y kwa kipindi cha miaka sita au saba, utapata mchoro wa mizunguko inayopanuka kisha kusinyaa, na hakuna mwanafunzi wangu aliyeuona mchoro huo kwa mara ya kwanza akabaki bila swali.

Swali huwa lile lile: «Mwalimu, ni nini kinachoisukuma?» Faili la C04 halilijibu. Linaonyesha mwendo na kukaa kimya kuhusu chanzo, na mtu akiishia hapo atakuwa ametumia nusu tu ya huduma. Jibu liko katika kitengo kingine cha IERS, kilichoanzishwa mwaka 1998, kinachoshughulikia vitu vinavyotiririka juu ya dunia na ndani yake: hewa, bahari, na maji ya nchi kavu. Kituo chake cha hewa kimekuwa kikitoa namba zinazokokotolewa kutoka katika rekodi za hali ya hewa za dunia nzima, mara nne kwa siku, zikirudi nyuma hadi mwaka 1948. Kituo cha utafiti cha GFZ kilichoko Potsdam, Ujerumani, nacho hutoa safu za hewa na bahari kila baada ya saa tatu, zikirudi nyuma hadi mwaka 1976, pamoja na utabiri wa siku sita mbele. Hizo ndizo bidhaa ninazozitathmini kwa uzito zaidi.

Kila safu ya hewa imegawanywa katika sehemu mbili: ya mgandamizo na ya upepo. Mgawanyo huu ni wa busara sana. Kwa upande wa urefu wa siku, upepo ndio unaotawala. Pepo za magharibi zikiongezeka kasi, ardhi hupungua mwendo kidogo na siku ikarefuka, kama ilivyotokea wakati wa El Niño kubwa ya 1982 na 1983. Kwa upande wa kuyumba kwa mhimili hali ni kinyume, kwani kinachotawala ni mgandamizo, yaani uzito wa hewa iliyolundikana mahali fulani. Mtumiaji asiyejua tofauti hii anaweza kuchukua safu ya upepo akaitafutia uhusiano na mwendo wa ncha, asiupate wa maana, kisha akaamini kwamba hewa haina nguvu.

Hewa ina uzito, na jambo hili halipewi heshima inayostahili katika vitabu vyetu vya jiografia. Angahewa nzima ina uzani wa takriban sehemu moja ya milioni ya uzani wa dunia. Kila hektopaskali moja (kipimo cha mgandamizo wa hewa) inayoongezeka kwenye barometa ina maana kwamba kilo kumi hivi za hewa zimeongezwa juu ya kila mita ya mraba ya ardhi. Katika majira ya baridi ya kaskazini, hewa nzito na baridi hulundikana juu ya Siberia na Mongolia. Tarehe 31 Desemba 1968, huko Agata, Siberia, mgandamizo uliorekebishwa kwa usawa wa bahari ulipita hektopaskali 1083, wakati wastani wa kawaida ni 1013.25. Inapofika Juni na Julai, bara hilo hilo hupata joto, hewa hupanuka na kuondoka, na mgandamizo hushuka. Hivyo kila mwaka mzigo mkubwa wa hewa huwekwa juu ya Asia na kuondolewa, na dunia inayozunguka huitikia kama pia ya kuchezea iliyobandikwa donge la udongo ubavuni.

Ukubwa wa mwitikio huo mtu anaweza kuukokotoa mwenyewe, na ndilo zoezi ninalolipenda kuliko yote katika kufundisha kwa data hizi. Chukua ongezeko la hektopaskali 10 juu ya eneo la kilomita za mraba milioni 10 lililo karibu na latitudo ya 45. Hiyo ni hewa ya takriban tani trilioni moja. Ukiigawanya athari yake kwa tofauti ya ukinzani wa dunia dhidi ya kuzungushwa, inayotokana na dunia kuwa nene zaidi kwenye ikweta kuliko kwenye ncha, utapata kwamba kitovu ambacho ncha hukizunguka kinasogea karibu nusu mita. Nusu mita ni kidogo kuliko mwendo wa kila mwaka unaoonekana kwenye faili, ambao ni karibu mita tatu. Lakini dunia ina mwendo wake wa asili wa siku 433 hivi, na msukumo wa kila mwaka, wa siku 365, uko jirani na mwendo huo, kwa hiyo mwitikio hukuzwa zaidi ya mara tano. Hesabu ikafunga. Mwanafunzi aliyezoea kuamini kwamba mambo ya mhimili wa dunia ni ya wenye darubini kubwa peke yao anakuta kwamba kalamu na karatasi vimemfikisha karibu kabisa na namba iliyopimwa.

Huo mwendo wa asili wa siku 433 ndio unaoitwa kwa jina la Seth Carlo Chandler, Mmarekani aliyeugundua mwaka 1891 kwa kuchambua vipimo vya latitudo. Kabla yake, mwanahisabati Leonhard Euler alikuwa ameonyesha katika karne ya 18 kwamba dunia ngumu isiyonyumbulika ingeyumba kwa kipindi cha siku 305, na watafiti waliutafuta mwendo wa siku 305 kwa muda mrefu bila mafanikio. Mwanaastronomia Simon Newcomb alieleza upesi sababu ya tofauti hiyo: dunia hunyumbuka, na bahari zake husogea, kwa hiyo kipindi hurefuka. Mwaka 1899 vikaanzishwa vituo vya kupima latitudo karibu na mstari wa nyuzi 39 na dakika 8 kaskazini, vikiwamo Mizusawa huko Japani, Carloforte huko Italia, na Ukiah huko California, ili vyote vitazame nyota zile zile. IERS, iliyoanza kazi tarehe 1 Januari 1988, ni mrithi wa kazi hiyo, na kwa kuwa mwendo wa mwaka na mwendo wa Chandler hukutana na kuachana kila baada ya miaka sita na miezi kadhaa, safu ndefu isiyokatika ina thamani kubwa. Ningekuwa natathmini kwa kuzingatia uaminifu wa muda mrefu peke yake, huduma hii ingepata alama zote.

Sasa niingie katika jambo ninalolisisitiza kwa yeyote atakayefungua safu ya hewa. Usiisome peke yake. Safu ya mgandamizo hutolewa katika namna mbili, na maelezo yake yamefupishwa mno kwa mtu anayeanza. Namna ya kwanza huchukulia kwamba mgandamizo wa hewa juu ya bahari hufika moja kwa moja hadi sakafuni mwa bahari. Namna ya pili huchukulia kwamba bahari hujirekebisha: mgandamizo ukiongezeka kwa hektopaskali moja, uso wa bahari hushuka kwa takriban sentimita moja, maji yakaenda kwingine, na sakafu isihisi mabadiliko makubwa. Kwa mabadiliko ya siku nyingi au miezi, namna hii ya pili iko karibu zaidi na ukweli, ndiyo maana hewa iliyo juu ya mabara, hasa Asia, ina sauti kubwa kuliko hewa iliyo juu ya Pasifiki. Mtumiaji akichagua namna ya kwanza bila kujua, atapata msukumo mkubwa kuliko uliopo, na hakuna kitakachomwonya. Naliona hili kuwa upungufu mkubwa zaidi wa huduma nzima: data zimetayarishwa kwa uangalifu wa hali ya juu, lakini mtu wa kawaida hawezi kutambua safu ipi ni ya kutumia mpaka awe tayari anajua somo lenyewe.

Bahari haifuati tu maagizo ya hewa. Mwaka 2000 Richard Gross wa maabara ya JPL huko California alichapisha uchambuzi wa miaka ya 1985 hadi 1996 ulioonyesha kwamba mwendo wa Chandler ulidumishwa hasa na mabadiliko ya mgandamizo kwenye sakafu ya bahari, kwa takriban theluthi mbili, na theluthi iliyobaki ikatokana na mgandamizo wa hewa. Upepo na mikondo ya bahari havikuwa na mchango mkubwa. Swali lililojibiwa hapo lilikuwa limekaa kwa zaidi ya karne, kwani mwendo wa Chandler, ukiachwa bila kusukumwa, ungefifia ndani ya miaka 68 hivi kwa sababu ya msuguano ndani ya dunia. Kitu fulani lazima kiwe kinausukuma tena na tena. Kitu hicho ni jumla ya hewa na bahari, na bahari yenyewe kwa sehemu kubwa husukumwa na upepo na hali ya hewa iliyo juu yake. Kwa hiyo yule anayesema «hewa ndiyo inayoyumbisha dunia» amesema ukweli usiotimia, na yule anayepakua safu ya hewa bila kupakua safu ya bahari iliyo jirani yake atakuwa na hesabu isiyofunga. Safu za GFZ zina faida hapa, kwa kuwa hewa, bahari na maji ya nchi kavu zimepangwa kwa mfumo mmoja na zinaweza kujumlishwa bila marekebisho mengi.

Kipindi kizuri cha kujifunzia ni kati ya Novemba 2005 na Februari 2006. Wakati huo mwendo wa mwaka na mwendo wa Chandler ulikuwa umekutana kwa namna ya kufutana, ncha ikakaribia kutulia, na ndani ya utulivu huo vikaonekana vitanzi vidogo ambavyo kwa kawaida humezwa na mwendo mkubwa. Watafiti wa Kituo cha Kifalme cha Uchunguzi wa Anga cha Ubelgiji na wale wa Paris walivilinganisha na ramani za hali ya hewa, na wakakuta kwamba vilifuata mifumo ya mgandamizo mkubwa na mdogo juu ya Asia na Ulaya ya kaskazini. Ukipakua mistari ya miezi hiyo na kuichora kwa kipimo kikubwa, utaviona vitanzi hivyo mwenyewe. Mfumo wa hewa unaopita juu ya bara kwa muda wa siku chache unaacha alama kwenye mhimili wa dunia nzima, na alama hiyo imeandikwa kwa tarakimu kwenye faili ambalo mtu yeyote anaweza kulifungua akiwa Soroti. Hapo ndipo huduma hii inapostahili sifa kuliko mahali pengine popote.

Nafasi ya Uganda katika habari hii ina upekee wake, nao nimeuona ukiwashangaza hata wapima ardhi wenye uzoefu. Nguvu ya mzigo wa hewa juu ya mhimili hutegemea latitudo. Hewa iliyo kwenye ncha haina umbali kutoka kwenye mhimili, kwa hiyo haiwezi kuuinamisha. Hewa iliyo kwenye ikweta ina umbali wote, lakini huvuta nje moja kwa moja, bila kuelemea kaskazini wala kusini, nayo pia haiwezi. Nguvu kubwa kuliko zote iko latitudo ya 45, kaskazini na kusini. Kampala iko karibu theluthi moja ya nyuzi kaskazini mwa ikweta, na ukikokotoa utaona kwamba tani moja ya hewa juu ya Kampala ina takriban sehemu moja tu ya tisini ya nguvu iliyo nayo tani ile ile juu ya latitudo ya 45.

Barometa yetu nayo ina tabia yake. Mwenye barometa Entebbe au Jinja ataona kwamba sindano hupanda na kushuka mara mbili kila siku karibu kama saa: hufika juu mnamo saa nne asubuhi na saa nne usiku, na kushuka mnamo saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, kwa tofauti ya hektopaskali chache. Ni wimbi la angahewa linalotokana na jua kupasha joto ozoni na mvuke wa maji, na lina nguvu zaidi katika nchi za ikweta. Mifumo mikubwa inayodumu juma zima na kubadilisha mgandamizo kwa makumi ya hektopaskali, kama ile ya Siberia, haipo kwetu. Kwa hiyo asije mtu akanunua barometa ya bei kubwa mjini Kampala akitumaini kuona sababu ya kuyumba kwa dunia kwenye sindano yake. Sababu hiyo aitafute kwenye safu za dunia nzima.

Lakini matokeo ya kuyumba yanatufikia. Ncha ikisogea, ikweta ya mzunguko nayo husogea, kwa kuwa ikweta ni mstari ulio umbali sawa kutoka ncha zote mbili. Chukua siku ambayo faili linaonyesha x ya 0.1 na y ya 0.4, namba za kawaida kwa miaka ya karibuni. Kwa longitudo ya 32 mashariki, ambayo inapita karibu na alama ya ikweta ya Kayabwe kwenye barabara ya Kampala kwenda Masaka, hesabu inatoa badiliko la latitudo la sekunde 0.13 za pembe. Ikweta ya mzunguko siku hiyo iko takriban mita nne kaskazini mwa ikweta ya kwenye ramani. Watu wanaosimama pale kupiga picha, mguu mmoja kila upande, wanastahili kuelezwa jambo hili, na ningefurahi kuona waongoza watalii wetu wakilifahamu, kwa sababu ni la kweli, linapimika, na linavutia kuliko maonyesho ya maji yanayozunguka ndani ya beseni, ambayo hayategemei ikweta hata kidogo.

Mpima ardhi atauliza kama anapaswa kurekebisha vipimo vyake vya GPS kwa ajili ya haya. Kwa kazi ya kawaida ya mipaka ya viwanja, la. Taarifa za setilaiti zinazomfikia tayari zimeandikwa katika mfumo ulioshikamana na ardhi, na nafasi ya ncha imeshaingizwa humo na wanaoendesha mfumo. Kwa kazi ya usahihi wa milimita, kama kufuatilia mwendo wa ardhi katika Bonde la Ufa la magharibi, jibu hubadilika, kwa sababu ncha ikisogea dunia yenyewe hubadilika umbo kidogo. Mwongozo wa kitaalamu wa IERS unatoa hesabu yake: mahali pengine duniani ardhi inaweza kupanda au kushuka kwa hadi milimita 25 kwa sababu hiyo, lakini kwenye ikweta kupanda huko kunakaribia sifuri, na kinachobaki ni msogeo wa milimita chache kaskazini na kusini. Programu nzuri za kuchakata data hulifanya rekebisho hili zenyewe, mradi zipewe faili la ncha lililo jipya.

Uganda, kwa upande wake, haipokei tu. Kituo cha GPS cha Mbarara, kinachojulikana kwa alama ya MBAR, kimo katika mtandao wa kimataifa ambao vipimo vyake huingia katika kukokotoa nafasi ya ncha, pamoja na darubini kubwa za redio kama ile ya Hartebeesthoek huko Afrika Kusini. Barani Afrika vituo vya namna hiyo ni vichache ukilinganisha na Ulaya, na kila kituo kinachofanya kazi bila kukatika kina uzito wake. Naamini wanafunzi wa upimaji wa Makerere na Kyambogo wangeipenda kazi hii zaidi kama wangeonyeshwa mapema kwamba namba za x na y wanazozipakua zina mchango wa kituo kilichoko nchini mwao.

Kuhusu utabiri, huduma hutoa taarifa iitwayo Bulletin A kila Alhamisi, inayotayarishwa Washington, ikiwa na nafasi ya ncha ya kila siku kwa mwaka mzima mbele. Inafaa kwa matumizi ya siku chache. Taarifa yenyewe hueleza waziwazi kwamba kosa linalotarajiwa ni sekunde 0.004 za pembe baada ya siku 10, yaani sentimita 12 hivi, na 0.013 baada ya siku 40, yaani sentimita 40. Uwazi huo ni mfano wa kuigwa. Sababu ya kosa kukua haraka hivyo ni hewa na bahari zenyewe: hakuna anayeweza kutabiri mifumo ya mgandamizo ya mwezi ujao juu ya Asia, kwa hiyo hakuna anayeweza kutabiri vitanzi ambavyo mifumo hiyo itachora kwenye ncha. Hata mwendo wa Chandler, uliodhaniwa kuwa wa kutegemewa, ulisinyaa sana baada ya mwaka 2015, kama ulivyowahi kusinyaa katika miaka ya 1920, na wataalamu wameandika mengi kuhusu msukumo uliopungua au uliokuja kwa mpangilio usiofaa. Taarifa nyingine, ile inayotangaza sekunde za nyongeza kwenye saa za dunia, haihusiani sana na mgandamizo. Sekunde ya mwisho iliongezwa tarehe 31 Desemba 2016.

Lawama yangu kuu inabaki kwenye maelezo. Kurasa za huduma zimeandikwa kwa Kiingereza cha kitaalamu, mafaili yana vichwa vya maneno machache, na safu mbili zinazotofautiana kwa dhana nzito hukaa bega kwa bega zikitofautishwa kwa herufi mbili tatu. Mwalimu wa sekondari wa Hoima mwenye ari na kompyuta moja hawezi kutarajiwa kulifumbua fumbo hilo peke yake. Sasa ambapo Kiswahili kimepewa nafasi rasmi nchini na kinaingia madarasani, ukurasa mmoja wa Kiswahili ulioandikwa vizuri, wenye mfano mmoja wa hesabu, ungefungua hazina hii kwa shule nyingi za Afrika Mashariki. Kazi hiyo si lazima ifanywe na IERS. Vyuo vyetu vina watu wanaoiweza.

Kwa anayetaka kuanza, ningependekeza njia hii. Apakue C04 kwanza, achukue miaka saba yoyote, achore x dhidi ya y. Kisha apakue safu ya hewa ya GFZ pamoja na safu ya bahari ya kipindi hicho hicho, azijumlishe, na kwa kila mwezi apate wastani. Atatambua mara moja mpigo wa Desemba na Januari unaotoka Asia. Asijaribu kuulinganisha mchoro wa msukumo na mchoro wa ncha moja kwa moja, kwa kuwa ncha hukusanya misukumo ya miezi mingi iliyopita. Atumie badala yake badiliko la ncha kutoka siku moja hadi nyingine pamoja na kipindi cha siku 433, kanuni ambayo imo katika mwongozo. Na akiwa na darasa, awape wanafunzi miezi ya Novemba 2005 hadi Februari 2006 wachore kwa mkono kwenye karatasi ya mraba, kwa sababu vitanzi vile vikichorwa nukta kwa nukta hueleweka zaidi kuliko vikitokea vyote kwa pamoja kwenye skrini.